Kichwa Kilichochorwa Ukutani

Treni ya asubuhi ilikuwa ikisinzia kuelekea Makadara, na Mzee Nzivo akisinzia ndani yake, aliposikia mwanamke wa kiti cha mbele akisema, "Bodi ya soko ikiniambia nifagie, nafagia. Lakini rangi ya ukuta wa kibanda changu cha kinyozi inawahusu nini?" Alikuwa amepakata mkebe wa rangi ya kijivu kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

Bwana mwenye kofia aliyeketi kando yake akasema yeye pia ni wa bodi, ila ya soko jingine. "Ndani ni kwako, mama. Nje ni kwetu sisi tunaopita."

"Basi mkipita fumbeni macho, baba. Kile kichwa kilichochorwa pale ukutani ni cha marehemu mume wangu. Wateja huonyesha ule mstari wake wa pembeni, wakasema, ninyoe kama huyo. Nikikipaka hiki kijivu cha bodi leo, kesho watanyolewa kama nani?"

"Kama mwenyekiti wa bodi."

"Mwenyekiti ana upara."

Bwana akageukia dirisha. Mzee Nzivo naye akatazama. Kando ya reli vijana wenye mstari ule ule kichwani walikuwa wakienda kazini kwa miguu, na ndani ya ukungu akamwona marehemu mwenye mstari wa pembeni akipita, akipita tena, bila haraka yoyote.

Treni ikasimama. Bwana akamwinulia mama mkebe. "Ni mzito huu."

"Ubebe tu, baba," mama akasema akishuka. "Rangi ni ya kwenu."