Fundi Aliyekataliwa na Majani

Ndugu zangu, wababa na wamama, amani iwe kwenu. Nimeombwa nisimame hapa mbele niseme jinsi nilivyoanguka na jinsi nilivyoinuka, na naona wale wanaonijua wameanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Chekeni tu, mimi mwenyewe siku hizi nacheka. Jina la mtu sitataja hata moja, maana wengine wamo humu ndani na wengine ni wakwe zangu.

Mimi ni fundi wa kuezeka. Hapa Kabambare na vijiji vyake, ukiona paa ambalo mgongo wake umenyooka na maji hayapiti, ulizia, huenda ni mkono wangu. Sijisifu sana, najisifu kidogo. Lakini Mungu naye ana mizaha yake: mkono alinipa wa kuezeka, pua akanipa ya kuchukia majani. Na sisi huku tunaezeka kwa majani, mabati ni ya wazungu na ya wenye maduka.

Ilianza nilipokuwa nimeoa karibuni. Mvua zikielekea kwisha, majani ya porini yanatoa maua, na yale mavumbi yake ya njano yanakaa juu ya nguo na juu ya kope. Hapo napiga chafya, na ikija haiji peke yake, inakuja na ndugu zake wote. Pua inachuruzika. Macho yanavimba yanakuwa mekundu, kaakaa linawasha mahali ambapo kidole hakifiki, masikio yanaziba, na nikilala nafungua mdomo kama samaki. Ilikuwa hivyo mpaka pori lichomwe moto, na mwaka uliofuata ilirudi vilevile.

Kwanza nilisema ni mafua. Lakini mafua ya kawaida yanakuja, yanakaa, yanaaga, na haya yangu hayakuwa na adabu ya kuaga. Mmoja akaniambia ni baridi, nijifunike. Mwingine akasema ni minyoo imepanda kichwani. Jirani yangu mmoja, mpenzi wa ugoro, akasema nivute ugoro, chafya ya ugoro itafukuza chafya ya majani. Ndugu zangu, nawaambia, msijaribu. Zilikutana ndani ya pua yangu zikafanya sherehe mpaka jioni.

Nikaenda dispensari. Muuguzi alinitazama puani, akanipa dawa ya matone, akaniambia kwamba huo ugonjwa anaujua, hata Ulaya watu wanaupata wakati wa kukata majani ya ng'ombe. Nilifurahi kusikia kwamba wazungu nao wanapiga chafya. Kisha akasema dawa kubwa ni moja, nikae mbali na majani. Nikamwuliza paa la dispensari yake limeezekwa na nini. Akaangalia juu, tukacheka wote wawili, nikaenda zangu na matone yangu. Yalisaidia kidogo, kisha yakaisha.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ugonjwa wa pua ulipogeuka ugonjwa wa nyumba. Wageni mlio kati yetu hamjui desturi ya huku. Fundi akifika kwenye mgongo wa paa, akishika tita la mwisho la majani, watu wote chini wananyamaza. Hakuna kusema, hakuna kukohoa. Anafunga, anashuka, mwenye nyumba anaingia na moto, ndipo maneno yanaanza tena. Chafya ikipigwa wakati ule, wazee wanasema kitu kimesema ndani ya nyumba kabla ya mwenyewe. Nyumba hiyo hailaliki tena. Inaachiwa mbuzi.

Basi fikirieni mimi, na pua hii, juu ya mgongo wa paa, mwezi wa majani. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya kapita wa pamba, yule msimamizi wa mashamba. Nilipiga chafya, akaguna, akaingia hivyo hivyo, lakini mwaka ule ule mguu wake ulivimba na watu wakahesabu kuwa ni ile chafya. Baada yake wengine walianza kunipita. Mtu ananisalimu vizuri, ananiuliza habari za nyumbani, kisha namwona anakwenda kumwita fundi wa kijiji cha pili, ambaye kazi yake, nasema kwa upendo, inavuja.

Bado nilikuwa na moyo. Kilichonivunja ni nyumba ya mama mukwe.

Mnajua heshima ya mama mukwe. Hutazamani naye usoni. Huli mbele yake, husemi naye, ukimwona anakuja njiani wewe unaingia majanini mpaka apite. Na mimi majanini ndiko kwa adui yangu. Mara ngapi nimechuchumaa kwenye nyasi namheshimu mama wa mke wangu huku nimebana pua kwa mikono miwili. Lakini heshima ina upande wa pili: mukwe ndiye anayemjengea, na mukwe ambaye ni fundi hawezi kumwacha chini ya paa bovu. Paa lake lilikuwa limeoza. Nikakata majani, nikapanda, nikafanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikafika kwenye tita la mwisho, kijiji kizima kimya, na kamasi inanidondoka mbele ya ukoo wote wa mke wangu. Nikapiga chafya mpaka ngazi ikatikisika.

Mama mukwe alichukua mkeka wake akaenda kulala jikoni. Asubuhi baba mukwe akaniita, na maneno yake nayakumbuka yote. Alisema, "Sina ugomvi na weye. Lakini mutoto wetu atabaki hapa mpaka mama yake apate nyumba ya kulala."

Nilirudi kwangu peke yangu. Ndugu zangu, niliona haya, na niliogopa sana. Nilimpenda mke wangu, na nampenda. Alinisindikiza mpaka mwisho wa kijiji, akaniambia maneno machache: "Miye sijakuacha. Utafute dawa, urudi." Niliyaweka moyoni hayo maneno, lakini dawa niitafute wapi, mimi niliyekwisha kuvuta mpaka ugoro?

Nikakumbuka kwamba Kasongo kuna fundi cherehani, Mwislamu, aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yangu. Nikafikiri, mji mkubwa, watu wengi, hapakosi mtu mwenye dawa. Nikaomba ruhusa kwa chifu, maana siku zile hutembei bila karatasi, nikashika njia kwa miguu. Majani kulia, majani kushoto. Nilipiga chafya kutoka Kabambare mpaka Kasongo, na nadhani watu wa vijiji vya katikati bado wananisimulia.

Nilipofika uani kwa yule mzee, kabla sijamaliza kusalimu, chafya ikanitoka. Nikainama, nikatafuta pa kujificha. Nyumba nzima, mzee na mke wake na watu waliokuwa ndani, wakatamka maneno ya dua. Nilidhani wananifukuzia balaa. Mzee akaniona nilivyoshtuka, akaniambia nikae. Akasema, "Kwetu mutu akipiga chafya anamushukuru Mungu, na wenzake wanamuombea rehema. Weye umefika kwangu na rehema, mwanangu."

Nilikaa chini. Miaka yote ile chafya yangu ilikuwa msiba, na hapa watu walikuwa wananiombea kwa ajili yake. Machozi yalinitoka, ingawa kwa macho yangu yale hakuna aliyeweza kutambua.

Mke wa yule mzee ndiye aliyenitazama kwa makini. Siku ya pili aliniuliza pua yangu naiosha na nini. Nikamwambia sijawahi kuosha pua kwa ndani, naosha uso. Akastaajabu. Mnajua ndugu zetu Waislamu, kabla ya sala wanatawadha: mikono, mdomo, pua, uso, mpaka miguu. Puani wanavuta maji ndani na kuyapenga nje, kila siku, tangu utoto. Yule mama akachemsha maji, akayaacha yapoe mpaka vuguvugu, akatia chumvi kidogo, akanipa birika. Akasema kama ninaosha jembe baada ya shamba, kwa nini siioshi pua baada ya majani?

Mara ya kwanza nilidhani nakufa maji uani kwa watu. Mzee alicheka mpaka kofia ikaanguka. Mara ya pili ilipita. Jioni ile, ndugu zangu, nilivuta hewa kwa matundu yote mawili ya pua, nikasikia harufu ya wali wa jirani. Nilikuwa nimesahau kwamba jirani wana harufu.

Nikakaa kwao mpaka mwezi mpya ulipoonekana, na yule mama akanifundisha mengine. Hakuniruhusu kuingia kulala na nguo ya njiani. Aliniambia nioge kichwa, maana mavumbi ya majani yanalala kwenye nywele. Nilipomwambia nyumbani nalalia godoro la nyasi akacheka, akanipa mkeka. Sakafu alinyunyiza maji kabla ya kufagia. Na mimi, nikikaa pale natazama maji yanavyotuliza vumbi, nikafikiri kazi yangu: kwa nini nashika majani makavu? Kwa nini siyakati na umande, siyanyunyizi kabla ya kuyapandisha, na kitambaa kibichi puani?

Niliporudi, maneno yalinitangulia. Mwalimu wetu wa kanisa aliniita akaniuliza kama ni kweli nimesilimu Kasongo, maana nimeonekana asubuhi na birika. Nikamjibu, "Mwalimu, roho yangu iko ya Yesu. Pua yangu iko ya yeyote atakayeisaidia." Hapo akaniuliza ile chumvi ni kiasi gani, maana naye ana dada anayesumbuliwa.

Nikaenda kwa wakwe. Nilimwambia baba mukwe natoa majani yote ya zamani, naezeka upya. Na kabla sijapanda ngazi nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya: nilisimama mbele ya watu wote nikausema ugonjwa wangu. Nikasema, "Wazee, miye majani yananisumbua pua. Nimefanya yote ninayoweza. Lakini chafya inaweza kuja. Ikija, mujue ni pua yangu inasema. Nyumba haijasema kitu." Baba mukwe aliguna tu. Wazee wakatazamana.

Nikafanya kazi na majani mabichi kwa maji, kitambaa puani, na kila niliposhuka mke wangu alikuwa ameweka birika mahali pake. Siku nzima hakuna chafya hata moja. Nilianza kuona raha. Nikafika kwenye mgongo, nikashika tita la mwisho, watu wakanyamaza.

Na hapo pua ikaanza. Nilijaribu kuibana, lakini mkono mmoja ulikuwa na kamba na mwingine una majani. Nikapiga chafya. Moja tu, lakini ilisikika vizuri.

Hakuna aliyesogea. Mimi nimebaki juu, nimefumba macho, nahesabu kila kitu kuwa kimekwisha. Kisha nikasikia miguu ya mtu inatoka jikoni. Ni mama mukwe, ameshika kigae chenye makaa ya moto, anaelekea mlangoni pa nyumba ambayo haijamalizika. Hakuinua uso, alivunja ule ukimya akiwa anatazama chini, kama adabu inavyotaka. Alisema, "Mukwe, funga hiyo kamba. Mvua iko karibu." Akaingia na moto wake.

Nikafunga. Jioni ile mke wangu alirudi kwetu, akitembea mbele na mimi nyuma.

Ndugu zangu, ugonjwa wangu haujaisha, nisiwadanganye. Mwezi wa majani ukifika nitawasumbua tena kwenye sala. Lakini kuishi nao nimekujua, na kazi yangu mnaiona. Mwenye ugonjwa wa namna hii humu ndani, auoshe, aupunguzie vumbi, na zaidi ya yote auseme kwa mdomo wake kabla watu hawajausemea. Nawashukuru wale wazee wa Kasongo walionipa maji. Namshukuru mke wangu kwa birika.

Na kuna mwingine mmoja. Ameketi kule upande wa wamama, najua, ingawa sijageuka na sitageuka. Heshima ni heshima. Nimempa kisogo tangu nianze kusema. Mama, asante. Umelala vizuri?