Nani Atamsemea Bibi wa Kisimani

Kijiwe cha Pumba kiko ubavuni mwa mashine ya kusaga ya Mji Mpya, na jina hilo hakikuliomba. Pumba zikiruka dirishani hutua vichwani, kwenye kashata na kwenye hoja, ndiyo maana wapita njia husema pale hata yanayosemwa ni pumba tupu. Kuna benchi moja refu lenye mguu wa tofali, kuna birika la Ahmadi muuza kahawa juu ya jiko la mkaa, na mbele kuna milima ya Uluguru, ambayo siku hiyo ilikuwa imejifunika wingu na hakuna aliyejisumbua kuitazama. Ilikuwa alasiri ya jua la kuchosha. Mwisho wa benchi alikaa Hashimu, ambaye mtaa mzima humwita Redio, shingoni kajifunga kitambaa, akimsubiri Serikali. Huyu Serikali ni Bonifasi tu, mwenye kibanda umiza cha kuonyeshea sinema pale nyuma. Amepewa jina hilo kwa sababu kila ukimwomba jambo hukujibu kuwa linashughulikiwa. Leo alikuwa ameahidi kuja kutamka neno moja: sehemu ya mwisho ya ile tamthilia ya miungu wa kale wanaogombana na miungu wapya, inayoonyeshwa jioni hii, itasimuliwa na Redio au na mashine ya kompyuta.

Maana Redio ndiye aliyekuwa sauti ya kibanda kile. Picha inakwenda kwa Kiingereza, yeye kakamata kipaza sauti pembeni, anawasemea wote kwa Kiswahili: mfalme, malaya, farasi. Kiingereza chake alikiokota kwenye mradi wa maji alikokuwa dereva, na pale kilipoishia alimalizia kwa akili zake. Kisha koo likamgeuka. Daktari akamwambia anyamaze, naye akanyamaza wiki mbili nzima, na katika wiki hizo Serikali akaleta programu ya kompyuta inayosikiliza Kiingereza na kutoa Kiswahili papo hapo. Sasa koo lilikuwa limepona nusu. Hashimu alikuwa amechoka, tena si uchovu wa kulala ukaisha. Ni ule wa mtu anayesubiri kuambiwa kama bado anahitajika.

– Miungu wapya wanashinda mapema, saa nne asubuhi kazi imekwisha, alisema Tomasi, fundi simu ambaye kwa kubadilisha vioo tu amejitunuku cheo cha Injinia. Wana umeme, wana mtandao. Huyo mungu wa Mvua ana nini? Anafagia stendi!

– Anafagia kwa muda, akajibu Luqmani. Huyu ni Wakili, kwa kuwa ana kesi ya kiwanja iliyompitisha mahakama zote akishindwa, na sheria zote kazibakiza kichwani. Akaongeza methali: Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

– Upwa wa wapi, wewe? Moro hapa kuna bahari?

– Stendi ya Msamvu ndiyo bahari yetu. Usinikatize.

– Astaghfirullahi, alisema Ahmadi, akimimina. Mungu ni mmoja. Mnanijazia miungu kwenye kahawa.

– Ni sinema tu, Ahmadi.

– Hata kwenye sinema ni mmoja. Nani anaongeza kikombe?

Injinia aliongeza, akapuliza, akashusha sauti kama anayetoa siri ya nchi.

– Sikilizeni niwape mchongo. Ile minara kule juu mlimani mnadhani ni ya simu? Thubutu! Zile ni sehemu za matambiko ya miungu wapya. Kile kijitaa chekundu kinamwakia nani usiku kucha? Ndege gani inapita pale? Kila ukinunua bando, kuna kitu kinakatwa kinapanda kule juu. Ile ni kafara, mzee. Tunatambika kutwa na hatujui.

– Ndiyo maana bando langu haliwahi kufika jioni, alisema Ahmadi, ambaye dakika ile alisahau kwamba Mungu ni mmoja.

– Hamjui kesi nyie, Wakili akaingilia. Yule mungu wa Mkeka, yule anayechezesha watu kamari, mnamwona adui? Yule ni mpwa! Kwa Waluguru shamba linafuata upande wa mama. Mjomba ni mungu wa Mvua, mpwa ni mungu wa Mkeka, kaja kudai jina la mjomba wake. Pale hakuna vita. Pale pana mirathi.

– Nani kakwambia wale ni Waluguru?

– Redio alisema wametoka milimani.

Wakamgeukia Hashimu. Hashimu akatikisa kichwa kuwa ndiyo, alisema. Hakuongeza kwamba kwenye picha yenyewe walitoka nchi ya barafu, na kwamba milima aliwapa yeye kwa kuwa barafu ilimshinda kueleza.

– Basi hapo ndipo linapokuja jambo zito, Injinia akaendelea, safari hii kasimama kabisa. Mungu wa Skrini ametoka kwenye picha. Ndiyo! Ameingia kwenye kompyuta ya Serikali. Ile mashine ndiye yeye. Sasa anasimulia ugomvi wake mwenyewe, mnategemea atasema kashindwa?

Wakili aliipima ile hoja.

– Hapo umenibana, alikiri. Mlalamikiwa kageuka karani wa mahakama. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

– Na hiyo nayo imeingiaje?

– Imeingia kwa nguvu. Kunywa kahawa.

Wakacheka. Hashimu alicheka kwa midomo tu. Tangu aketi alikuwa akingoja mmoja wao amtaje mtu fulani, na hawakumtaja. Walishampitia mungu wa Mvua, wa Mkeka, wa Skrini, wakamtaja hata mbwa wa sehemu ya pili. Bibi wa kisimani, hapana.

Bibi huyo hukaa kando ya kisima, nyuma kabisa, wakati wakubwa wanapogombana mbele. Waliotengeneza tamthilia hawakumpa hata neno moja. Siku ya kwanza Hashimu alimpa maneno kwa kuokoa jahazi tu: miungu walikuwa wakitazamana kwa macho makali, hakuna anayesema, watu kibandani wameanza kuguna na mmoja anataka awekewe mpira. Hashimu akaona bibi pale nyuma, akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mama yake, marehemu Asia, mwanamke wa mlimani aliyegombana na kila kitu pamoja na mvua. "Nyie mnaopigania ukubwa, yupi kati yenu amewahi kuteka maji?" Kibanda kikaangua kicheko. Tangu hapo bibi akawa na neno kila sehemu, na kwa kuwa sauti zote zilikuwa za Hashimu, miungu wakaanza kumjibu, wakamwamkia, na wengine wakamwomba radhi. Hashimu alikuwa akirudi nyumbani koo linawaka na moyo umetulia, maana alikuwa ameongea na mama yake. Sasa mashine ilikuwa imemaliza karibu wiki mbili ikisimulia, bibi hajatamka kitu, na hakuna mtu hata mmoja aliyegundua. Hilo lilimuuma kuliko koo.

Serikali alifika akijifuta jasho kwa leso, akaketi katikati kama kawaida ya wenye mali, akapokea kikombe.

– Redio, vipi hali?

– Nashukuru, alisema Hashimu. Sauti ilikwaruza.

– Pole. Jambo letu nimelishughulikia. Akanywa. Nataka niwe mkweli mbele ya wazee hawa. Mashine haiugui. Haichelewi. Mvua ikinyesha ipo. Watu wamezoea.

– Na inatamka vizuri, alisema Injinia, kisha akamtazama Hashimu na kutamani kulimeza neno lake. Yaani… kwa mashine.

– Inatamka vizuri nini? Wakili akamkatia. Juzi mungu wa Mvua kakuta nyumba yake imeungua, mashine inasema, "Mimi nina huzuni kubwa sana." Sauti ileile iliyotangulia kusema, "Tafadhali nipatie chumvi." Mtu anaunguliwa kama anaagiza chipsi!

– Lakini umeelewa au hujaelewa? aliuliza Serikali.

– Nimeelewa.

– Basi.

Wakili akarudi kwenye kahawa yake. Hashimu alikitazama kikombe chake. Angeweza kusema: kuna mtu mmoja humo ndani niliyemuumba mimi, muulizeni mashine yuko wapi. Lakini akisema hivyo, Wakili atauliza mengine mangapi aliyaumba, na jibu lilikuwa ni mengi, na hata ile milima ingerudishwa kwenye barafu. Kwa hiyo alinyamaza, na kunyamaza nako kulimchosha.

– Kwa hiyo kauli yangu, Serikali akaanza, ni kwamba kuanzia leo…

– Hodi hapo wanangu.

Alikuwa mama wa makamo aliyeanza kuelekea uzee, kanga mbili, miguu ina vumbi la njia, tenga tupu limening'inia mkononi. Hawakumjua kwa jina, ila walikuwa wakimwona siku za soko.

– Shikamoo, mama, walisema kwa pamoja.

– Marahaba. Naitwa Mwanvita, natoka Kinole. Nimemaliza machungwa yangu, sasa namtafuta mwenye kile kibanda cha picha. Nikija sokoni huwa nalala kwa dada yangu hapa nyuma, makusudi niione ile tamthilia.

– Ndiye mimi, mama. Karibu. Leo ndiyo ya mwisho.

– Nimesikia. Ndiyo maana nimeona niulize kabla sijatoa hela yangu. Yule bibi wa kisimani, mbona siku hizi hasemi?

Injinia alimtazama Wakili. Wakili, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, alijikuna shingo.

– Kweli bwana, alisema taratibu. Yule bibi. Kapotelea wapi?

– Hajapotea, yupo, nimemwona juzi, alisema Serikali. Akatoa simu, akatafuta, akaiweka katikati ya magoti. Vichwa vikakutana. Miungu walikuwa wakitishiana mbele, na nyuma yao bibi amekaa kando ya kisima, mikono mapajani. Mdomo umefungwa.

– Rudisha nyuma, alisema Injinia. Weka zile za zamani, za wakati wa Redio.

Serikali akaweka. Mdomo umefungwa. Akaweka nyingine. Umefungwa. Mashine ya kusaga ilinguruma ikanyamaza, na kichwa kimoja kimoja kikainuka kutoka kwenye simu na kumgeukia Hashimu. Hashimu aliona aibu, ile ya mtu aliyekutwa akiongea peke yake.

– Mama, alisema Serikali kwa upole, huyu bibi hajawahi kusema. Tazama mdomo wake.

Mwanvita hakuinama kuitazama simu.

– Mdomo nimeuona tangu siku ya kwanza, mwanangu. Mimi si kipofu. Nimeuliza kwa nini sasa hasemi.

Injinia, mwenye minara na kafara, aliinua macho mlimani. Wakili alianza methali, "Kimya kingi…", akaona haimfikishi popote, akaiacha njiani. Ahmadi aliinamisha birika juu ya kikombe cha Serikali, likatoa machicha.

– Kahawa imekwisha, alisema, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyelalamika.

Serikali alikizungusha kikombe kitupu mkononi.

– Redio, koo lako likoje, kwa kweli?

– Bovu, alisema Hashimu. Si la kusemea miungu wote. Sikufichi.

– Basi tufanye hivi. Mashine iseme wengine wote. Wewe njoo ukae na kipaza sauti chako palepale, umsemee bibi peke yake.

Injinia alijipiga paja kwa furaha, akaona suluhu imepatikana. Lakini Hashimu hakufurahi. Alikuwa ameshaiona jioni yenyewe: mama yake anasema pale kisimani, na miungu wanaendelea na yao, kwa sababu mashine inawasikia wao tu na maneno ya bibi haiyajui. Hakuna tena wa kumwamkia. Hakuna wa kumwomba radhi.

– Haitafaa, Serikali. Zamani walikuwa wanamjibu kwa sababu wote walikuwa mimi. Sasa bibi atasema, na hakuna atakayemjibu.

Mwanvita alihamisha tenga lake kutoka mkono huu kwenda ule, akamtazama Hashimu kwa muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona usoni mtu mwenye ile sauti, maana kibandani huwa giza.

– Kumbe ni wewe, alisema. Sasa baba, hata mimi nyumbani nasema kutwa na hakuna anayenijibu. Watoto wana simu zao, baba yao ana yake. Nashuka mlima na machungwa kichwani nije nimsikie mwenzangu. Wewe mwache aseme tu.

Hashimu alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Akayafuta kwa kile kitambaa cha shingoni, bila kujificha, kisha akamgeukia Serikali.

– Nije saa ngapi?

– Mkishatoka kuswali magharibi, alisema Serikali.