Mbwa Mwitu Tisa na Mgongo wa Mwanamke

Kijiwe chetu ni benchi lililoegemea ukuta wa mashine ya kukoboa mpunga, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Ubaruku. Shangazi Bibie anauza kahawa. Mjomba Halfani anaendesha mashine, wanamwita Pumba kwa sababu nyusi zake hazijawahi kuwa safi. Mzee Saulo ni Hakimu, kwa kuwa aliwahi kukaa baraza la kata miezi minne. Ezron wa bodaboda ni Kiberiti, na jina hilo halihitaji kuelezwa. Mimi ni Naima, wananiita Kamera. Tangu nilipoacha shule kidato cha pili, natunza kamera sita ambazo mradi wa wanyamapori umezifunga kwenye miti ya pori letu. Kila mnyama anayepigwa picha anakipa kijiji pointi. Kijiji kinachoongoza kwa miezi mitatu kinapata dawa za mifugo, madawati na nafasi tano za sekondari ya bweni. Jina langu ni la tatu kwenye orodha. Jumamosi ile dada Gloria wa mradi alikuwa anakuja saa sita kuchukua picha, na tangu asubuhi tulikuwa tunatazama moja tu kwenye simu yangu.

Ilipigwa Jumanne, saa nane mchana, jua kali. Mbwa mwitu tisa wameketi mstari kwenye nyasi, masikio juu, kimya, kama wanafunzi. Wote wanamtazama mwanamke aliyeipa kamera mgongo, kanga kichwani. Picha iliyofuata, dakika moja baadaye, ni nyasi tupu.

Mbwa mwitu tisa wangetupitisha wale jirani zetu wa kijiji kinachoongoza. Lakini picha yenye mtu ndani haihesabiwi, kwa sababu kuna kijiji kiliwahi kuswaga wanyama mbele ya kamera.

— Huyo si mtu, alisema Kiberiti. Mtu gani asimame mbele ya mbwa tisa asikimbie? Hebu cheki chini. Hana kivuli.

— Kuna nyasi hapo, we bwege. Hata wewe ungekuwa huna.

— Pumba, usinitukane. Kamera, ulivyoenda kutoa kadi uliona nyayo?

— Za mbwa tu, nikasema. Nilizunguka mti mara tatu. Za mtu sikuona.

Shangazi Bibie alishusha birika.

— Audhubillahi. Hakimu, na wewe inuka kwenye mfuko wa Bi Batuli, unampondea pumba.

— Akija nitainuka.

— Nilimjazia Jumatano, kama kila Jumatano, na hajaja kuuchukua, alisema Pumba. Bata wake watakufa njaa. Kukaa peke yako ng'ambo ya mfereji wa mwisho, kando ya pori, hata siku unasahau.

— Tuacheni bata, alisema Hakimu, akajiweka vizuri juu ya mfuko. Tusome kanuni. Imesema mtu. Huyu ni mzimu. Wazee wetu Wasangu walisema pori lile lina mwenyewe, mwanamke, na wanyama wanamsikiliza. Sasa mzimu ana kitambulisho? Ana kadi ya kura? Basi kisheria si mtu. Pointi zihesabiwe.

— Mzimu hauvai kanga ya dukani, alisema Pumba. Wallahi huyo katumwa na wale jirani, atuharibie picha. Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo maana nasema katoka mbali.

— Katumwa na mbwa tisa? aliuliza Shangazi.

— Mbwa kawakuta. Akawasomea, wakakaa.

Kiberiti alisogea karibu, sauti ikashuka.

— Mnahesabu vibaya. Tisa. Vibarua waliopotea msimu wa kuvuna walikuwa wangapi?

Ndani ya mashine mkanda ulikuwa unapiga, pa, pa, pa.

— Hawakupotea, alisema Shangazi. Walienda Chunya kwenye dhahabu.

— Uliongea nao?

Nilijaza vikombe.

— Dawa ni moja, alisema Kiberiti. Kamera, mkate huyo mama. Simu inakata picha. Mficha uchi hazai. Sisi tumeshazaa, tufiche tu.

— Na dada Gloria akigundua? nikauliza.

— Utagundua vipi kitu ambacho hakipo? Hakimu alinyoosha kidole. Asiyekuwepo na lake halipo. Picha ya pili hayupo. Basi na ya kwanza hayupo. Mtoto arudi shule.

Nilitaka sana iwe hivyo. Sare yangu bado iko kwenye begi, naitoa kila mwezi nisije nikakuta mende. Niliweka kidole gumba juu ya yule mwanamke, nione picha itakavyokuwa bila yeye.

Shangazi alichungulia begani kwangu.

— Mwe! Na macho yao? Ukimtoa, wote wanatazama nini?

Ilikuwa kweli. Mbwa mwitu tisa walikuwa wanatazama kidole changu.

Hapo Fuso la mchele likaegeshwa. Dereva wake, Lusekelo, mgeni wa Tukuyu, alisalimia, akapokea kikombe, akaomba kuona kinachotugombanisha. Nikainua kidole, akaangalia. Walimweleza wote kwa pamoja: mzimu, jirani, vibarua, pointi, saa sita. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilirudisha kidole bila kujua.

— Ndaga, asanteni, nimeelewa, alisema. Na huyu mama, alifika nyumbani?

Pumba alihesabu kwa vidole: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Shangazi alimtazama Hakimu. Hakimu alitazama alipokalia, kisha akainuka polepole, na mfuko ukabaki na shimo katikati.

Kiberiti alikuwa ameshafika kwenye pikipiki, anapiga kiki, haiwaki.

Niliondoa kidole. Bega la kushoto la yule mwanamke lilikuwa limelala, kama la mtu aliyezoea kubeba mfuko peke yake.