Mti wa Nyaya

Mbele ya duka la Hanák, kijijini Lhotice, kuna benchi ambalo miguu yake ya mbele ilizama udongoni siku ya mafuriko, na hadi leo hakuna aliyejisumbua kuinyanyua. Wanaoketi hapo hukaa wameinamia mbele kama watu wanaotaka kuondoka, ila hawaondoki. Kila alasiri Bi Hanáková huwatolea birika la kahawa ya mizizi ya chikori, nao huinywa huku wakiitukana kampuni ya simu. Yupo Kengele, mpiga kengele wa kanisa. Yupo Sajini, aliyempigania mfalme ambaye siku hizi hayupo, akarudi na sikio moja. Yupo Profesa, karani mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa kuwa husoma gazeti zima hata matangazo ya ng'ombe. Na yupo Vendelín Šustr, fundi wa matandiko ya farasi. Alikuwa na jina la utani naye, lakini tangu kaka yake Rudolf azame kwenye kinu cha maji, hakuna anayethubutu kumwita kwalo.

Jumamosi ile ya mafuriko, mchana, bwawa la Javorná, kijiji kilicho juu yao mlimani, lilipasuka. Mzee Florián, mtunza simu wa huko na baba mkwe wa Vendelín, alikimbilia simu awaonye. Lakini waya wa Javorná haushuki Lhotice. Huzunguka hadi mjini, ukapitia kijiji cha Vrbice, ndipo ukafika. Na nguzo ya Vrbice ilikuwa imelala chini. Rudolf alikuwa akisaga ngano ya watu, maji yakamkuta humo ndani.

— Nguzo wameirudisha palepale, akasema Kengele alasiri moja, majuma kadhaa baadaye. Mzunguko uleule. Hawajifunzi hawa.

— Wajifunze nini, na ndivyo walivyotaka? akasema Sajini. Kila waya upite mjini, wasikie tunasema nini. Jeshini tulifanya hivyohivyo. Vijiji viwili visisemezane mpaka mkubwa atege sikio.

— Wewe sikio lenyewe unalo moja, utajua nini habari za kutega?

— Hilohilo linanitosha kukusikia unavyokoroma kanisani.

Profesa akatikisa kichwa.

— Hakuna aliyetega kitu. Ni hesabu tu. Tazameni.

Akapanga makombo ya mkate juu ya benchi, akayaunganisha kwa njiti za kiberiti.

— Makombo ni vijiji, njiti ni nyaya. Unataka kila kijiji kifikiwe kwa gharama ndogo kabisa. Ukiona njiti zimefanya duara, ujue kijiji kinafikiwa kwa njia mbili. Hiyo ya pili ni hasara. Unaitoa njiti iliyo ghali kuliko zote kwenye lile duara. Unaendelea hivyo mpaka duara limekwisha. Kinachobaki wanakiita mti. Matawi yanafika kote, na hakuna tawi linalorudi kugusa lingine.

— Mti hauendi ila kwa nyenzo, akasema Kengele kwa uzito.

— Hiyo inahusu nini hapa?

— Inahusu mti.

Vendelín hakucheka. Aliinama akaitazama nafasi tupu kati ya makombo mawili.

— Hii ni sisi na Javorná?

— Ndiyo. Kwenye mchoro wa kwanza wa kampuni waya ulikuwepo. Lakini mwamba ulio kati yetu hauchimbiki bila baruti. Ukawa ghali, ukatolewa.

Vendelín akaiondoa njiti ya Vrbice kwa ncha ya kidole.

— Na hii ikikatika?

— Mti unagawanyika pande mbili. Huku hawasikii kule.

— Na nyingine?

— Ni vilevile. Yoyote utakayoigusa. Mti wa namna hiyo hauna njiti ya akiba, ndiyo maana ni rahisi.

— Walijua?

— Walijua, Vendelín. Waliuita mpango bora.

Vendelín akalirudia lile neno, bora, taratibu, kama mtu anayejaribu jino linalouma.

— Mimi nawaambia nguzo haikuanguka, akasema Sajini. Ilikatwa. Walioikata ni wenye kinu cha mvuke mjini. Rudolf alikuwa anawanyang'anya wateja.

— Basi na mimi niseme, akadakia Kengele. Waya unavuta mvua. Kabla ya simu mlimwona nani amezama hapa?

— Mafuriko yalikuwepo, akasema Vendelín. Babu alipoteza ng'ombe wote.

— Ng'ombe, sawa. Nasema mtu.

Penye ncha ya benchi alikuwa ameketi Bedřiška Tomanová, mwalimu mpya, akisubiri apimiwe unga. Sasa akawageukia.

— Samahanini, wazee wangu. Hizo siku za kabla ya simu, habari ilikuwa inafikaje?

— Mtu alishuka kutoka Javorná, akasema Kengele. Mbio. Marehemu baba akapiga kengele, watu wakapanda kilimani.

— Kwani ni mbali?

— Wapi. Hata kahawa haipoi.

— Sasa safari hii mbona hakushuka mtu?

Sajini akatazama viatu vyake. Profesa akaanza kuokota njiti, moja moja, akizirudisha kwenye kiberiti. Bi Hanáková akaja na unga, akawakuta hawatazamani, akadhani wamegombana.

Vendelín aliondoka bila kuaga. Njiani alimwona mzee Florián akilini mwake, amesimama ofisini anazungusha kile kishikio cha simu, anazungusha, na nje ya dirisha njia ya kushuka i wazi, wala hamtumi mtu. Majuma yote haya alikuwa ameichukia michoro ya watu asiowajua, na chuki hiyo ilikuwa imembeba kama mkongojo.

Nyumbani Apolena, mkewe, alimpakulia supu ya kabichi. Mikono yake ilikuwa ya baba yake, mzee Florián, vidole vilevile vifupi.

— Leo mmemlaumu nani huko?

Vendelín alivitazama vile vidole.

— Waya, akasema, akashika kijiko.