Sahani Sita za Mama Kwanza

Ijumaa tarehe 30 Juni, mkuu wa maabara wa kliniki yetu ya mifugo anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi. Uongozi umenipa ukurasa huu wa jarida la wafanyakazi nimuage, na ukaniomba niandike kwa furaha. Nitajaribu. Lakini niseme mapema kwamba nina hasira, na yeye ndiye aliyenifundisha kutoficha dalili.

Hicho cheo cha mkuu wa maabara ni cha kwenye karatasi tu. Maabara nzima ni yeye, meza moja, darubini moja na kabati la joto la kuoteshea bakteria. Aliajiriwa kuosha chupa. Daktari wa enzi hizo alimfuma saa ya chai akichungulia darubini, akamwacha aendelee kuchungulia, na mwaka uliofuata akampeleka chuo. Jina la Mama Kwanza alilipata kwa kurudia agizo moja kila siku: sampuli kwanza, dawa baadaye. Ukishamdunga mnyama antibiotiki, damu au usaha utakaochukua hauoteshi kitu, na wewe utadhani mnyama hana ugonjwa. Jambo lenyewe halina ugumu wowote. Sisi madaktari limetushinda miaka yote hiyo.

Vituko vyake havihesabiki. Ameshamtimua daktari maabara kwa kosa la kuingia na kikombe cha chai. Siku ya harusi ya binti yake alipitia kazini asubuhi kutazama sahani zake za kuoteshea bakteria, gauni la sherehe juu, gumbuti chini, akasema wakwe watasubiri. Mbuzi wa mteja alikula ukurasa wa daftari lake. Akauandika wote upya kwa kichwa, na pembeni akaweka maelezo kwamba wa awali umeliwa na mgonjwa namba nane.

Mlinzi wetu naye ana mbwa aliyetoka usaha sikioni mwaka mzima. Tulimbadilishia dawa tano kwa kubahatisha. Mama Kwanza alichukua pamba, akapanda usaha kwenye sahani, akasubiri siku mbili, akatuonyesha kwamba bakteria yule alikuwa akizicheka nne kati ya hizo tano. Sikio likakauka. Mpaka leo mbwa huyo akimwona Mama Kwanza anatikisa mkia, na akituona sisi anaingia chini ya benchi.

Sasa nifike pale ambapo uongozi ungependa niparuke.

Miaka miwili iliyopita aliletwa mbwa jike aliyetupa mimba. Mwenye mbwa alikuwa na haraka, nami nilitaka nionekane nimefanya kitu. Nikadunga sindano, ndipo nikatoa damu. Mama Kwanza aliisoma fomu, akaangalia saa niliyoandika, akaniambia taratibu: "Daktari, hii siyo sampuli. Nitaipanda, haitaota, na mtasema mbwa mzima."

Ikawa hivyohivyo. Meneja alitaka cheti kiseme mbwa hana maambukizi. Mama Kwanza akakataa kusaini. Meneja akasaini mwenyewe, mimi nikanyamaza, na mbwa akalazwa kwenye mabanda ya pamoja.

Anayeosha mabanda hayo ni Shemeji. Alimwoa dada wa mpokezi wetu, basi akawa shemeji wa kliniki nzima. Aliosha kama kawaida, kwa mikono mitupu, maana cheti kilisema hakuna shida. Baada ya wiki kadhaa akaanza homa za kuja na kuondoka, jasho la kulowesha shuka, mgongo ukimuuma kama umepigwa rungu. Alitibiwa malaria mara tatu na homa ya matumbo mara mbili. Alikonda mpaka mkanda ukamzunguka kiuno mara mbili.

Hakuna aliyemtuma Mama Kwanza hospitali. Alikwenda na daftari lake kwapani, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi, akamwambia daktari wa zamu kwamba mgonjwa huyu anaosha uchafu wa mbwa waliotupa mimba, na kwamba damu yake ioteshwe kabla hajapewa dawa nyingine yoyote. Wakaiotesha. Alikuwa na brusela, bakteria yuleyule anayetupisha mimba mbwa, ng'ombe na mbuzi, na ambaye haoni taabu kuhamia kwa binadamu. Shemeji alipona, ila ndoo iliyojaa hawezi kuibeba tena. Nilipokwenda kumwomba radhi aliniambia: "Mimi sikujua kulikuwa na nini kwenye ile ndoo. Wewe ulijua kwamba hujui."

Meneja hajamwomba radhi hadi leo. Ameagiza keki ya kumuaga Mama Kwanza.

Wiki iliyopita fundi seremala alikuja kupima kuta za maabara. Patakuwa duka la shampuu na mikanda ya mbwa. Hakuna aliyeajiriwa kushika nafasi ya Mama Kwanza. Tumeambiwa sampuli zitakazohitajika zitapelekwa nje, na sote tunajua hazitapelekwa. Tutarudi kubahatisha. Inanitia uchungu, na ninaona aibu kwamba mkutano mzima tulikubali kwa kutikisa vichwa.

Jumanne hii, tarehe 27, aliletwa mbwa jike mwingine aliyetupa mimba. Safari hii nilitoa damu kwanza. Mwenye mbwa alinung'unika, nikamwacha anung'unike. Mbwa yuko banda la peke yake, na Shemeji haingii humo bila glavu na barakoa. Mama Kwanza ameipanda damu hiyo kwenye sahani sita na kuziandika kwa wino mwekundu: zisitupwe, zisomwe mpaka tarehe 11 Julai. Bakteria huyu ni mvivu wa kuota. Siku hiyo mwenye sahani atakuwa nyumbani kwake, na meneja ameshaagiza kabati la joto lizimwe Ijumaa baada ya sherehe.

Halitazimwa. Kwa miezi mitatu, kila mchana, Mama Kwanza amekuwa akinifundisha kusoma sahani, akinifinya bega nikikosea. Fundi akija Jumatatu na msumeno wake atanikuta nimekaa kwenye kiti cha maabara. Nimeliandika hapa ili asitokee mtu wa kusema hakuambiwa.

Mama Kwanza, asante kwa kila sahani, na kwa saini uliyoinyima. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na wajukuu wanaonawa mikono bila kukumbushwa. Ila tarehe 11 usikae mbali na simu. Nikiona kimeota kitu nisichokielewa, sitamgusa mbwa wala mtu kwa sindano. Nitakupigia wewe kwanza.