Ujana wa Figo

ERNESTINE: Haloo? Nani anapumua tu bila kusema?

ZIHINDULA: Ni kaka yako, Zihindula. Mjinga wa leo ni mi, mdogo wangu. Nasema mapema usichoke kumtafuta.

ERNESTINE: Kaka, uko wapi? Nakungoja hapa mjini, Area 36, toka mchana, nsima yako imekauka sahanini. Figo utakayonipa, daktari amesema nini?

ZIHINDULA: Nimesharudi kambini Dzaleka. Aibu. Unakumbuka ile habari ya redio? Bantu ba Ulaya banatafuta dawa ya kuosha figo ya mzee irudie ujana, njo bampandikizie mgonjwa—

ERNESTINE: Walisema bado wanajaribu. Na kwa mashine. We uko na mashine?

ZIHINDULA: Niko na chupa. Muuzaji wa dawa kule Chilinde aliapa inapunguza miaka kumi. Nikanywa asubuhi na jioni mpaka siku ya kipimo.

ERNESTINE: [Mtandao unakwaruza.] Umekunywa nini?

ZIHINDULA: Daktari akaona damu yangu, akauliza nimekula nini. Nikakana. Akauliza tena, macho kwenye nywele.

ERNESTINE: Nywele zimefanya nini?

ZIHINDULA: Nilizipaka rangi nyeusi. Na ndevu. Nisikataliwe mlangoni kwa uzee.

ERNESTINE: [Anacheka, anaacha ghafla.] Wamekukataa?

ZIHINDULA: Hapana. Amesema figo ilikuwa nzima mpaka nilipoanza kuitengeneza. Niache chupa, ninywe maji, nirudi mwezi ujao.

ERNESTINE: Mwezi mwingine. Na safari ya India, ya upasuaji?

ZIHINDULA: Ingoje.

ERNESTINE: Basi naendelea na ile mashine ya kusafisha damu. Sawa.

ZIHINDULA: Njo maana nasema, achana na yangu. Chukua ya Faustin, mtoto wa mjomba. Kijana, figo yake bado inang'aa.

ERNESTINE: Faustin aliona sindano tu, akapanda baiskeli ya kabaza akakimbia.

ZIHINDULA: Basi nimalize chupa kwanza. Labda nguvu imekaa chini. Sitaki upasuliwe mbali kule, halafu kitu cha mzee kikuchokee humo ndani. Nitawaambia nini batoto bako?

ERNESTINE: Kaka—

ZIHINDULA: Niko na miaka sitini na moja, Ernestine.

ERNESTINE: Najua.

ZIHINDULA: Yuniti za simu zinaisha. Sema haraka, nimwage ao nimalize?

ERNESTINE: Mwaga. Nilikuomba figo, kaka. Sikukuomba bwana harusi.