Niliona Wivu ya Kaburi

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Tena apewe, kwa sababu huyu mama munaona amesimama hapa, wivu ilitaka kumumaliza.

Mi ninakaa mutaa wa Jabe na watoto wangu watatu. Bwana yangu alikuwa anapakiza simenti ku Bandari, na mara moja moja alikuwa anapanda boti na mizigo mpaka Kalemie, ngambo ya ziwa. Ile boti ilizama. Wengine waliokotwa. Yeye, apana. Ziwa Tanganyika ilimubakisha.

Mulikuja kunifariji, asante. Lakini matanga ya mutu mwenye hamukuzika, mutaimaliza namna gani? Mashemeji walisema tuimalize. Nilikataa! Mulango ikigongwa, ninafikiri ni yeye.

Na jirani yangu Mama Neema, naye alifiwa na bwana mwaka ule ule. Malaria. Kila Jumamosi anapita kwangu na jembe, anaenda kupalilia kaburi. Ndugu zangu, watu wanaonea wengine wivu ya nyumba, ya gari, ya vitenge. Mi niliona wivu ya kaburi! Ule musalaba wa mbao wenye jina! Alikuwa anarudi na udongo ku miguu, nikashindwa hata kumusalimia.

Siku moja ilinitoka: "We Mama Neema, uko na bahati!"

Alisimama. "Bahati gani? Si mi mujane kama we?"

"We unajua kwenye analala!"

Nilingoja anitukane. Alinipa jembe. "Basi twende. Wangu alikuwa anapenda wageni, sana wale wa kuleta bia. Atamupokea wako."

Nilicheka! Ile kicheko haikufika mbali, machozi ikaikamata njiani.

Ku makaburi alinionyesha kando ya musalaba. "Mulilie hapa."

"Lakini hii si yake."

"Mungu hajui ni nani unalilia? Lia, dada."

Nililia, ndugu zangu! Nilisema: Bwana Mungu, chini ya maji mi sioni, We unaona. Mushike. Na pale pale kifua ilifunguka. Nilirudi, nikaita mashemeji. Matanga tuliimaliza.

Asante Yesu! Wivu ingali inakuja, sitawadanganya. Nikiona watu wanabeba maua, inaniuma. Lakini sasa ninamuambia Bwana kwanza.

Na wewe mwenye wako alipotea ku vita, ao ku njia, ao ku maji: mupatie Bwana huyo mutu, na jina yake yote. Ulie. Kisha uamke, upikie watoto. Amina!